Pengo Liko Wapi, Mama Sayi?

Wiki moja baada ya kuniaga kwa keki na kitenge cha mke wangu, vijana wa idara walinipigia simu kuuliza ufunguo wa kabati la chini uko wapi. Nikawaambia kabati lile halijawahi kuwa na ufunguo. Ukilipiga teke chini, upande wa kushoto, linafunguka lenyewe. Nilipokata simu nikajiuliza ni mangapi mengine nimeondoka nayo bila kuyasema. Basi nimekaa kuyaandika. Nilivyopandishwa vyeo na nilivyolipwa viko kwenye faili langu, na kama faili limepotea, hakuna hasara. Haya mengine hayako kwenye faili la mtu.

Kazi yangu, kwa miaka ishirini na kitu, ilikuwa kuwafundisha watu wazima wa shahada ya uzamili ya usimamizi namna ya kusoma yaliyoandikwa na wenzao kabla ya kuandika ya kwao, na namna ya kuuliza swali moja linaloeleweka. Nikiwaeleza hivyo ndugu zangu wa Kahama, huwa wanasubiri kidogo, halafu wanauliza, "Sawa, na kazi yenyewe ni ipi?"

Siku ya kwanza nilikuja na suti. Kituo chetu cha chuo pale Shinyanga mjini kilikuwa vyumba vitatu vya kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila nilipofungua mdomo, jirani alikuwa anakata bati. Darasani niliwakuta watu kumi na mmoja: mwalimu mkuu wa sekondari, muuguzi, afisa mifugo, mchungaji, mtunza stoo kutoka Segese, na wengine wa aina hiyo. Walisimama wote. Watatu kati yao walikuwa na umri wa baba yangu mdogo, nami nikajikuta nimewaamkia shikamoo wanafunzi wangu kabla sijaandika jina langu ubaoni. Waliitikia marahaba kwa raha zao, wakakaa, na tangu siku hiyo nikawa nafundisha kwa ruhusa yao.

Nilifundisha nadharia kwa saa mbili, jasho likinitoka. Mwishoni muuguzi akanyoosha mkono. "Mwalimu, tumeelewa kwamba lazima tusome machapisho ya wenzetu. Tukishayasoma, tunayafanyaje?"

Nilisema tutaliangalia wiki ijayo, maneno ambayo yamenisitiri mara nyingi na ambayo nawaachia ninyi bure.

Jibu nilipewa na mkutubi wetu, Bibi Tatu, mama mfupi kutoka Tabora ambaye hakuvumilia mtu anayelamba kidole ili afungue ukurasa. Maktaba yake ilikuwa rafu mbili na dawati moja. Alikuwa hana shahada yoyote, lakini alikuwa amesoma kila kitu kilichokuwa kwenye rafu zile mbili, kwa sababu, alisema, wasomaji wenyewe walikuwa hawaji. Juu ya dawati alikuwa na kadi alizozikata kwenye maboksi ya karatasi, na kila makala aliyosoma aliipa kadi moja yenye mistari mitatu: Aliuliza nini. Alisimama wapi. Hakuuliza nini.

"Mstari wa kwanza mwandishi anakwambia mwenyewe," alinieleza. "Wa pili kauficha kwenye sura ya tatu, utautafuta. Aliongea na nani, alikaa siku ngapi, alifikia kwa nani. Wa tatu yeye mwenyewe haujui. Huo ndio kazi yako, mwanangu."

Nilizifundisha kadi zile mpaka nilipostaafu. Walikuja wakaguzi wa mitaala, wakaja wataalamu wenye projekta, wakatuletea programu za kupanga marejeo ambazo zilifunguka siku ya mafunzo na hazikufunguka tena. Kadi za Bibi Tatu hazikuhitaji umeme. Amesharudi kwao Tabora, na nikimpigia simu bado ananiuliza kama wanafunzi wanalamba vidole. Namwambia siku hizi wanasugua kioo cha simu. Anasema ni walewale.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya yule afisa mifugo, Bwana Maganga. Aliandika mapitio ya machapisho ya kurasa arobaini, safi, yenye pambizo zilizonyooka. Fulani alisema hivi. Fulani alisema vile. Nikasoma mara mbili nikitafuta mpangilio, kwa sababu haukufuata mada wala mwaka wa kuchapishwa. Mwishowe nikamuuliza. Akaniambia amewapanga kwa umri. Waandishi aliowapata tarehe zao za kuzaliwa aliwaweka mbele, wakubwa kwanza. Ambao hakuwapata aliwapanga kwa cheo, maprofesa wakatangulia.

"Lakini huyu wa kwanza na huyu wa tano wanapingana," nikamwambia. "Mmoja anasema wafugaji hawaendi kwenye josho kwa kukosa elimu. Mwingine anasema hawaendi kwa sababu josho limejengwa mbali na maji. Wewe uko upande gani?"

"Nakubaliana nao wote, Mwalimu."

"Haiwezekani."

"Wote ni wakubwa kwangu," akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni jambo la wazi. "Niingie mimi katikati yao niseme nani kakosea?"

Tangu hapo nikayapa mapitio ya namna ile jina: mapitio ya shikamoo. Kila mwandishi anapita, anaamkiwa, anapewa pa kukaa, na hakuna anayeulizwa kitu. Msidhani ni ujinga. Hapa kwetu mtu analelewa hivyo, na amelelewa vizuri. Akija chuoni tunamwambia ghafla awakosoe watu ambao hajawahi hata kula nao. Inachukua muda. Bwana Maganga ilimchukua mwaka mzima kuandika sentensi moja inayosema kwamba mtu fulani hakupima umbali, na siku alipoiandika alileta lita mbili za maziwa ya mgando ofisini, nadhani kwa ajili ya kujitakasa.

Nilijaribu njia nyingine nyingi. Darasa moja lilikuwa na wachimbaji wengi kutoka upande wa Nyang'hwale, nikaona niwafundishe kwa vitu vyao. Nikasema, machapisho ni mawe yaliyotoka duarani, kwenye shimo la dhahabu. Msiyapange kwa jina la aliyeyatoa, yachanganyeni, halafu myapange upya kwa kilichomo ndani. Jamaa mmoja wa Kharumwa, anayemiliki duara lake mwenyewe, akasema, "Mwalimu, ukichanganya mawe ya watu kule kwetu, hiyo digrii utaimalizia wodini." Mfano ule nikauacha palepale.

Miaka ya mwisho ikaja mitambo ya kuandikia iliyomo kwenye simu. Kijana mmoja aliniletea mapitio yenye marejeo arobaini, Kiingereza kimenyooka, waandishi wote wanakubaliana. Nikamwomba aniletee makala mbili tu kati ya hizo nizisome. Alizitafuta wiki tatu, kisha akaja kukiri kwamba hazipo, na waandishi wake pia hawapo. Sikumfokea. Nilimwambia nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona waandishi waliokuwepo kweli wakipatana kiasi kile. Akaanza upya na kadi, na sasa ni mtu makini kuliko mimi.

Lakini ninayetaka kuwasimulia hasa ni Mama Sayi, mwanafunzi wangu wa mwisho. Wengi wenu mlimwona kwenye korido akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, kwa sababu kila Jumamosi alikuja kwa pikipiki kutoka Mwakitolyo. Alikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kule machimboni. Ndiko alikopatia ada ya stashahada, halafu ya shahada. Mikono yake ilikuwa bado ya kazi ile. Akishika kalamu, kalamu ilikuwa inapotea.

Swali lake lilikuwa zuri tangu siku ya kwanza, na nasema hivi nikijua lilinichukua muda gani kuliona. Alitaka kujua kwa nini vikundi vya wanawake wanaoponda mawe vinakufa vikishapewa mashine. Vikiwa na nyundo vinaishi miaka. Vikiletewa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, vinaandikishwa rasmi, vinachagua viongozi, na baada ya misimu miwili mashine imesimama peke yake ikiota kutu. Katika kata yake kulikuwa na vikundi vitatu vingine vinavyosubiri karasha, na yeye ndiye angeviunda. "Nikiviunda kama vile vya mwanzo," aliniambia, "vitakufa kama vile vya mwanzo, Mwalimu. Na mle ndani kuna mama zangu wadogo."

Nikampokea kwa furaha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kuandika kuhusu vikundi hivyo. Ni makala yangu moja tu inayonukuliwa na watu, na ilisema kwamba vikundi vinakufa kwa kukosa viongozi waliochaguliwa wanaojua kusoma na kutunza kumbukumbu. Kulikuwa na mwongozo wa kuunda vikundi uliochukua pendekezo langu karibu neno kwa neno, na siwafichi kwamba siku nilipouona nilitembea mjini nikiwa mrefu kidogo.

Rasimu ya kwanza ya Mama Sayi ilikuwa na ukurasa mmoja kuhusu mwanamke mmoja na nyimbo anazoanzisha kazini. Nikaukata kwa kalamu yangu ya kijani, nikaandika pembeni: "Hii ni hadithi. Rejea?" Rasimu ya pili haikuwa na mwanamke wala wimbo. Ilikuwa mapitio ya shikamoo matupu, mimi nikiwa mbele kabisa, nimeamkiwa kwa aya mbili nzima. Nikaandika pembeni: "Pengo liko wapi?" Yaani ni kitu gani ambacho sisi wote tulioandika hatukukiona? Akajibu kwamba hakuna utafiti uliofanyika Mwakitolyo. Nikamwambia hilo si pengo, hiyo ni anwani.

Jopo la kupitisha mapendekezo ya utafiti likamrudisha. Akaandika tena, jopo likamrudisha tena, kwa sababu ileile. Kanuni zetu mnazijua: mara ya tatu ukishindwa, jina linafutwa. Nilimwita ofisini nikamuuliza kwa sauti ambayo sasa inanitia aibu, "Pengo liko wapi, Mama Sayi? Wewe umeishi nao hao wanawake. Huoni kitu?" Akainamisha kichwa. Akasema atajitahidi. Niliporudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mama wa watu ana bidii, ila hana jicho la utafiti. Mke wangu akauliza kama nimewahi kwenda kuona anachokitafiti. Nikasema nimewahi, zamani.

Jumanne iliyofuata nikapanda gari kwenda Mwakitolyo.

Mama Sayi alinipokea barabarani akiwa na wasiwasi wote wa mtu aliyetembelewa na mwalimu wake bila taarifa. Akanipeleka hadi uwanja wa kuponda mawe, kwenye kikundi kimojawapo kati ya vile vitatu vinavyosubiri mashine. Wanawake kama thelathini walikuwa wamekaa chini ya maturubai, kila mmoja na lundo lake la mawe na nyundo. "Mwangaluka, baba," wakaniamkia. Nikaitikia, "Mwangaluka. Mhola?" Wakasema, "Mhola duhu," yaani salama tu, wakacheka Kisukuma changu cha Kahama. Mwenyekiti, mama nadhifu mwenye daftari, akaagiza kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kanga yake, akanikalisha nikimtazama yeye, mgongo wangu ukiwa kwa wenzake. Akaanza kunieleza habari za kikundi kwa ufasaha.

Baada ya muda nikahisi kitu mgongoni. Mapigo ya nyundo yalikuwa yamebadilika. Nikakigeuza kiti, jambo dogo ambalo nilipokuja zamani sikulifanya. Kule nyuma kulikuwa na mama mmoja mwembamba, hana daftari, hana kitambulisho, ameanzisha wimbo, na nyundo zote thelathini zikawa zinamfuata. Alipopunguza, walipunguza. Alimtazama binti mmoja mjamzito, akatikisa kidevu kidogo tu, na binti akaweka nyundo chini akaenda kukaa kivulini. Mawe yake yakasogezwa kwa wengine bila mtu kusema neno. Mwenyekiti bado alikuwa ananisomea daftari.

"Yule ni nani?" nikamuuliza Mama Sayi kwa sauti ya chini.

"Ni Mama Nkwimba."

"Cheo chake?"

"Hana, Mwalimu. Hajui kusoma."

Nikamtazama. Alikuwa anayatazama mawe.

"Akiondoka huyu?"

"Wanaondoka wote. Kwenye kikundi chetu cha zamani alikuwepo wa namna hiyo. Mashine ilipokuja, mwongozo ukasema viongozi wawe wanaojua kusoma, tukachaguana sisi wenye kusoma. Mimi nikawa katibu. Yule mama akakaa siku chache, akaona hana neno tena, akarudi kulima mpunga. Hatukujua nani aanze kazi asubuhi. Tuligombana mpaka tukaachana."

"Sasa mbona hukuandika hivyo?"

"Niliandika, Mwalimu. Mara ya kwanza. Ukakata."

Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimetoka bila kofia, lakini sidhani kama ni jua lililonichoma uso. Nikasema, nikijitetea, "Ungeweza kuonyesha kwamba machapisho yanasema kinyume. Hilo ndilo pengo lenyewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Machapisho ya nani yanasema kinyume?"

Nyundo zilikuwa zinakwenda. "Ya kwako," akasema.

Nimeshaaibika mara kadhaa maishani, na mara nyingi nilistahili, lakini ile ilikuwa aibu ya aina yake, kwa sababu aliyenisitiri ndiye aliyekuwa anaumia. Mwanamke yule alikuwa amelijua pengo tangu siku ya kwanza. Alikuwa amekubali kurudishwa mara mbili, na alikuwa tayari kufutwa jina, kuliko kusimama mbele za watu kusema mwalimu wake amekosea. Na mimi, niliyewacheka watu kwa mapitio ya shikamoo, nilikuwa nazipokea shikamoo zake kila Jumamosi na kumuuliza mbona haendelei.

Aliporudi ofisini nilitoa kadi tupu, nikaweka makala yangu mezani. Nikajaza mwenyewe mistari miwili ya kwanza. Aliuliza nini: kwa nini vikundi vinakufa. Alisimama wapi: asubuhi moja kwa kila kikundi, aliongea na mwenyekiti. Nikamsogezea kalamu ajaze wa tatu.

"Hapana, Mwalimu. Andika wewe."

"Nikiandika mimi, utafiti utakuwa wangu."

"Mama yangu akisikia nimemkosoa mtu mzima kwa maandishi atanishangaa."

"Vile vikundi vitatu vikifa atashangaa nini?"

Hilo halikuwa jambo la haki kumwambia, lakini nililisema. Akakaa. Niliondoka nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji, nikazungumza na mlinzi habari za mvua, nikarudi. Kadi ilikuwa imejazwa kwa herufi ndogo sana: Hakuuliza ni nani anayeanzisha kazi. Mama Sayi alikuwa ameshatoka, kwa aibu, na pikipiki yake niliisikia ikiishia barabarani.

Kutoka kwenye ule mstari mmoja, sura nzima ya pili ilijipanga kwa wiki tano. Tatizo likapata umbo, maswali matatu yakabaki moja, na ule ukurasa nilioukata ukarudi, sasa ukiwa na kazi. Tuliandika kwa Kiingereza kama kanuni zinavyotaka, tukabishana kwa Kiswahili, na alipotaka kuhakikisha jambo alimpigia mtu simu akaongea Kisukuma.

Siku ya jopo nilikaa kwenye kona ya msimamizi, ambako kanuni zinamkataza msimamizi kumjibia mwanafunzi. Mwenyekiti wa jopo alikuwa daktari kijana, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliyekuja kutoka Mwanza na hakuwa anatufahamu. Mama Sayi alianza vizuri. Alipofika kwenye pengo nikaona kwenye maandishi aliyoyamulika ukutani kile nilichokuwa nakiogopa. Jina langu halikuwepo. Alikuwa ameandika "baadhi ya waandishi".

"Waandishi gani?" mwenyekiti akauliza.

Mama Sayi akapanga upya karatasi zake.

"Unasema baadhi ya waandishi wamekosea kuhusu uongozi wa vikundi. Ni kina nani? Kama hawapo, hili pengo umelibuni, na safari hii ni ya tatu."

Alinitazama. Nilitamani kusimama niseme ni mimi, niandikeni mimi, lakini ningesimama, ningekuwa nimemfelisha kwa mkono wangu. Nikamtazama tu na kutikisa kichwa kukubali, na sijui kama aliona, maana macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ni Mwalimu Bundala," akasema. "Yule pale. Ni msimamizi wangu."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mama Sayi akapiga goti kidogo kuelekea upande wangu, vile wanawake wa kwetu wanavyomwamkia mkubwa, kisha akanyanyuka akaligeukia jopo, na sauti yake ikawa nyingine kabisa.

"Alikuja kwenye vikundi asubuhi moja moja. Aliongea na wenyeviti. Alichokiandika kuhusu wenyeviti ni kweli, nimekihakiki. Lakini kikundi hakianzi kazi kwa neno la mwenyekiti. Kuna mtu mwingine anayeijua nguvu ya kila mmoja na kuanzisha kazi, na mara nyingi hajui kusoma. Pendekezo la mwandishi huyu linamwondoa mtu huyo kwenye kikundi. Mimi nilikuwa kwenye kikundi kilichomwondoa. Hilo hakuna aliyeliandika, na ndilo nimekuja kuliandika."

Mwenyekiti akageuka, akanipa ruhusa ambayo kwa kawaida haitolewi. "Msimamizi, mwanafunzi wako anasema ulikosea. Una la kusema?"

"Ni kweli," nikasema. "Nilipewa kiti, nikakaa."

Walimpitisha na masahihisho madogo ya koma na pambizo. Nje kwenye korido alisimama mbali nami, amekumbatia karatasi zake, akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia nimekasirika sana, kwamba amenificha jambo zuri kama lile kwa miaka miwili. Akacheka huku analia, nami sikuwa mbali na hapo.

Vikundi vyake vitatu vimeshapata mashine. Kimoja kimeyumba, viwili bado vinafanya kazi, na kwenye vyote, katiba ya kikundi ina nafasi ya mwanzisha kazi, ambaye hatakiwi kujua kusoma. Alinitumia tasnifu yake iliyofungwa vizuri, ninayo hapa mezani. Wakati wa kazi yangu nimenukuliwa na watu wachache, na karibu wote waliandika jina langu, wakaweka mwaka kwenye mabano, wakapita. Kwenye sura ya pili ya Mama Sayi kuna kurasa tatu zinazobishana nami sentensi kwa sentensi, mpaka kwenye kiambatisho ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau. Nimezisoma mara nyingi. Hapo tu ndipo ninapoweza kusema kwa uhakika kwamba kuna mtu alinisoma hadi mwisho.